Bipu Mbili kutoka Koboko

Ukitoka Arua mjini ukashika njia ya Koboko, utaliona banda la mabati lililojaa vumbi la mbao, na mbele yake benchi refu ambalo fundi Aliga alilitengeneza kwa ajili ya wateja. Wateja wenyewe hawalikalii, wanasimama tu na haraka zao. Wanaolikalia ni wale ambao hawajawahi kununua hata stuli. Kichwani hukaa Acidri, mstaafu wa jeshi aliyekuwa mtu wa redio, wanayemwita Afande Ova kwa sababu hamalizi hoja bila kusema “ova”. Kati hukaa Jude, muuza vifurushi vya intaneti, jina lake Bando. Mwishoni hukaa Tombe Sola, mtu wa Sudan Kusini anayeuza paneli za jua. Zam huja na birika lake la kahawa ya tangawizi, na hapo ndipo dunia inapoanza kusemwa vibaya. Benchi hili limeshafukuza mawaziri na kuozesha mabinti wa watu. Lakini asubuhi hiyo lilikuwa kimya, maana ndani ya banda Aliga alikuwa akipiga randa, na kila mmoja alijua anachotengeneza.

Sanduku la kumzikia dada yake. Filda, aliyemlea mgongoni kule kijijini Abuku mama yao alipokuwa mgonjwa, alikuwa amelazwa hospitali Koboko kwa ajili ya kupasuliwa tumbo. Kabla hajaingia chumba cha upasuaji alimwambia Aliga maneno ambayo mtu hasahau: “Nikishindwa, sanduku langu utatengeneza wewe kwa mkono yako. Usininunulie ile ya barabarani inapasuka kabla ya sala.” Aliga akaapa.

Sasa sikiliza jambo la bipu. Miaka ya nyuma Aliga alipigiwa simu ya msiba wa kaka yake, Ezati, akiwa juu ya paa la shule anapigilia mabati. Alisikia neno “amekufa” akaachia nyundo na paa vyote pamoja, na tangu siku hiyo anachechemea. Kwa hiyo alipomwacha Scovia, binti wa Filda, pale hospitali, alimpa amri: hakuna kuniambia kwa mdomo. Piga na ukate kabla sijapokea. Bipu moja, mama amepona. Bipu mbili, nipige randa.

Asubuhi hiyo alinunua kifurushi kwa Jude, maana simu yake ilikuwa imekaa bila mtandao tangu jana. Mtandao ulipoingia tu, simu ikatetemeka mkononi. Kwenye kioo pakatokea jina la Scovia na maneno haya: simu mbili hazikupokelewa.

Aliga hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mbao za mvule alizokuwa amezihifadhi kwa kabati la padri.

— Zam, mupelekee kahawa — alisema Acidri kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuna aliyejua anayo.

— Nimepeleka. Imepoa hapo juu ya mbao. Hata hapana angalia mimi.

— Na wewe Bando, umekaa tu? Si ni intaneti yako imeleta hii habari?

Jude akaruka kana kwamba benchi lina misumari. — Mimi nimeuza bando tu, Afande! Mimi hapana uza kifo!

Randa ikanyamaza. Aliga akatokeza mlangoni, nywele zote vumbi, macho mekundu.

— Kama singenunua bando yako, Jude — alisema — Filda angekuwa muzima mupaka saa hii.

Jamani! Benchi zima liliangalia chini. Na kusema kweli Aliga mwenyewe alijua kwamba maneno hayo hayana kichwa wala miguu, lakini yalikuwa yamemkaa kooni, na ilibidi yampate mtu.

— Umemupigia Scovia? — Tombe aliuliza, taratibu.

— Nimepiga. Laini yake ya kawaida ilifungwa zamani. Yeye iko nashika mtandao ya ile duka mbele ya hospitali. Nimepiga kwa intaneti, inaandika tu “Inaita… Inaita…” Hapana pokea. Nimepiga tena, ni vilevile.

Jude aliinua kichwa. — Ngoja. Iliandika “Inaita” ama “Inalia”?

— Si kitu moja?

— Wapi! Si kitu moja hata kidogo!

Aliga akasimama pale mlangoni na randa mkononi. Hakutaka kusikiliza. Lakini mtu anayetengeneza sanduku la dada yake husikiliza chochote kinachochelewesha msumari wa kwanza. Akakaa kwenye ncha ya benchi, na Zam akamwekea kikombe kipya mkononi bila kuuliza.

— Simu ya intaneti — Jude alianza, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemkatiza — hapana anza na sauti. Inaanza na mwaliko. Scovia akibonyeza jina yako, simu yake inatuma maneno: “Mimi Scovia nataka Aliga.” Hiyo mwaliko inafika kwa mashine kubwa iko mbali huko. Mashine inajibu, “Nimesikia, ngoja natafuta.” Hapo kioo inaandika “Inaita.” Mashine inatafuta simu yako iko wapi leo, kwa sababu kila simu ikipata mtandao inajitangaza kwanza: “Mimi ya Aliga, niko hapa.” Ikikupata, simu yako ndio inarudisha neno: “Mimi nalia.” Hapo sasa kwa Scovia inaandika “Inalia,” na anaanza kusikia ile tuu-tuu. Ikibaki “Inaita” tu, kama ya kwako leo, simu ya yule mwingine hapana mtandao. Ukipokea, simu yako inasema “sawa,” ya Scovia inarudisha “nimesikia sawa yako,” na hapo ndio sauti inapata njia. Mbele ya hapo, hakuna sauti. Ni salamu ya mashine kwa mashine.

— Kama redio — alisema Acidri, akinyoosha mgongo. — “Alfa, unanisikia?” “Nakusikia.” “Pokea ujumbe.” Ova. Sasa wewe Bando unajifanya umegundua.

— Na hiyo tuu-tuu — Tombe alisema, na sura yake ilikuwa imebadilika — inatoka kwa simu ya yule mwingine, si ndio? Ni simu yake inalia kule kwake, mimi nasikia.

— Hapana, Tombe. Tuu-tuu simu yako mwenyewe ndio inakuimbia, usichoke kungoja.

— Simu yangu mimi?

— Yako wewe. Iko mfukoni yako, inakuimbia wewe.

Tombe aliweka kikombe chini ya benchi. — Haki ya Mungu. Wakati wa vita, mama yangu iko kule Yei, mimi niko kambi. Kila jioni napiga. Hapana pokea, lakini nasikia tuu-tuu. Nasema sawa, kule nyumbani kuna kitu inalia. Anasikia mimi namutafuta, labda miguu inauma, hapana weza kufika kwa simu. Nalala na hiyo. Miezi, Bando! Na wewe unasema nilikuwa nasikiliza mfuko yangu?

Zam alijishika kifua. Jude alijaribu kusema kwamba simu za zamani zilikuwa na taratibu zake nyingine, labda huko tuu-tuu ilikuwa inatoka mbali kidogo, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kurudisha yai kwenye ganda lake. Mama yake Tombe walimpata mzima baadaye, kila mtu alijua hilo, yuko Koboko anauza bamia. Hata hivyo mshtuko ulikuwa umeshashuka juu ya benchi, na Aliga aliusikia ukipanda kwake kutoka kwenye miguu. Kama hata mlio si mlio, basi bipu ni nini?

— Bipu ni mwaliko umefutwa — Jude alisema alipoulizwa. — Scovia anatuma “nataka Aliga,” halafu mbele ya wewe kupokea anatuma “acha, basi.” Mashine inashika hiyo mupaka simu yako ipate mtandao, halafu kwa kioo yako inabaki alama tu: mutu alikutaka, akaacha.

— Kwa hiyo dada yangu amekufa ndani ya “acha, basi” — alisema Aliga.

— Hapana sema hivyo! Sikiliza mimi. Mwaliko kama hapana pata jibu, simu inatuma tena. Yenyewe! Mutu hapana gusa kitu. Inatuma, inangoja kidogo, inatuma tena, kwa sababu njia inaweza kupoteza. Sasa kama Scovia alibipu moja, na mwaliko ikafika mara mbili?

Ah! Moyo wa Aliga ulipiga teke. Aliuona mwaliko mmoja mdogo umesimama njiani kati ya Koboko na Arua, haukujibiwa, ukarudi kubisha tena kwa adabu. Hodi mbili, mgeni mmoja. Akageuka kuangalia zile mbao ndani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaziona tena kama mbao za kabati la padri.

Lakini Acidri hakuwa ametumikia redio bure.

— Bando, unamudanganya mutu iko na msiba. Hiyo mwaliko ya kurudia, si inabeba alama yake ile ile? Simu hapana weza kujua kwamba ni ile ile?

Jude akakwaruza shingo. — Inajua. Kila mwaliko iko na alama yake. Ikiona alama ni ile ile, inahesabu moja.

— Kwa hiyo zikihesabiwa mbili?

— Ni mbili — Jude alikiri, na uso wake ukaanguka.

— Ndio hivyo! Na mimi nitaambia nyinyi kitu. Jeshini, ujumbe ya kawaida inasema mara moja. Ujumbe ya mutu kuanguka inasema mara mbili. “Nasema tena, nasema tena.” Hiyo ni dunia nzima. Ova.

Aliga aliinuka, akaingia ndani. Nyundo ikaanza. Kila pigo lilimwingia Jude kwenye meno, na Zam akamgeukia Acidri kwa hasira.

— Umefurahi sasa, Afande? Kila siku unashinda kila mutu kwa mudomo. Umeshinda na leo!

Acidri alipauka. Wanaomfahamu wanasema hawajawahi kumwona akitafuta njia ya kurudi nyuma, lakini asubuhi hiyo aliitafuta kwa mikono na miguu.

— Aliga! — aliita kuelekea ndani. — Ngoja! Nimefikiria! Bipu moja ni amepona, si ndio? Sasa bipu ya pili nayo ni moja. Ni amepona, na tena amepona!

— Mutu anapona mara ngapi, Afande? — Zam aliuliza.

— Upasuaji iko na pande mbili! Kufungua na kufunga!

Nyundo haikusimama, ikapokezana na msasa mpaka jua likafika utosini. Tombe naye, ambaye hapendi kuona mtu analia peke yake, akaingilia kati. Yeye alisema shida si bipu, shida ni mpaka. Pale Koboko simu inaona minara ya Uganda, ya Kongo na ya Sudan kwa pamoja, kwa hiyo haijui iko nchi gani. Mwaliko unatoka hospitali unakwenda kupumzika Kongo, unarudi umeshikana na mwaliko wa mtu mwingine. Hiyo bipu ya pili si ya Scovia. Ni ya mtu mwingine, ya msiba mwingine.

— Na huyo mutu mwingine? — Jude aliuliza, macho yamemtoka.

— Yeye alikuwa anangoja mbili, amepata moja. Saa hii iko anachinja kuku, anashukuru Mungu.

— Astaghfirullahi! — Zam akafunika mdomo.

Kule ndani nyundo ilipunguza mwendo. Aliga alikuwa akimfikiria huyo mtu asiyemjua, amekaa mahali fulani na nyama mdomoni, furaha yake yote ni mali ya Aliga. Alimchukia, kisha akamhurumia, kisha akaona aibu kwa kumtakia msiba ili yeye aupone. Hivyo ndivyo hofu inavyomfanya mtu.

— Ama — Acidri aliongeza, maana alikuwa ameona nyundo inapungua na akadhani dawa inafanya kazi — ama hiyo bipu moja ni ya zamani. Bando, si umesema mashine inashika mwaliko mupaka simu ipate mtandao? Inaweza kushika miaka ngapi? Labda ni bipu ya Ezati! Yule marehemu alikuwa anapenda kubipu! Ilibaki huko, imefika leo!

Nyundo ikasimama kabisa.

Acidri alitamani ardhi immeze. Aliga akatoka, akaja mpaka mbele yake, nyundo bado mkononi. Kila mtu alijua kwamba atamtwanga. Lakini alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka mpaka kwenye mifupa:

— Kwa kioo imeandikwa Scovia, Afande. Bipu zote mbili. Wote nyinyi munanipenda, nimeona. Sasa munyamaze, muje munisaidie kushika.

Wakaingia, hata Zam na birika lake. Sanduku lilikuwa limekamilika bado kifuniko. Tuseme ukweli: lilikuwa zuri mno. Mvule umepigwa msasa ukawa laini kama shavu la mtoto, pembe zimeshikana bila uwazi hata wa kupitisha unywele. Aliga alikuwa ameweka mapenzi yote pale, na sasa mapenzi yalikuwa yamekwisha, imebaki kazi.

— Kipimo umetoa wapi? — Jude alinong’ona.

— Kwangu. Mimi na Filda tunalingana. Tangu zamani alikuwa ananivalisha gauni yake nikilowa mvua. Acha nilale nione kama miguu inafika.

— Aliga, hapana! — Zam alisema. — Mutu muzima hapana lala kwa hiyo kitu!

Alishapanda. Akajinyoosha, akakunja mikono kifuani, akafumba macho. Mbao zilinuka ubichi. Akajisemesha moyoni: hapa ndipo kisigino chake kitagusa, hapa ndipo bega. Na kilio kilichomkataa tangu asubuhi kikamjia hapo hapo, kimya kimya, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni. Acidri alivua kofia. Tombe akapiga ishara ya msalaba. Jude alianza kulia kwa sauti, maana bado aliona kosa ni la bando lake.

Gari likasimama nje. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa. Mtu akaburuza ndala kwenye vumbi la mbao, polepole, kama mwenye kushika tumbo.

— Mi ngoni? — sauti ya mwanamke ilisalimia kwa Kilugbara, na ikakatika.

Filda alikuwa amesimama mlangoni, amekonda, khanga imefungwa juu ya bandeji, Scovia nyuma yake na beseni na godoro. Alimwona Afande bila kofia. Alimwona Jude analia. Kisha akamwona mdogo wake kwenye sanduku, mikono kifuani.

Ukelele aliopiga! Wenye maduka upande wa pili wa barabara walitoka nje. Na Aliga, aliyesikia sauti ya marehemu ikilia jina lake, aliruka kukaa wima ndani ya sanduku, naye akapiga ukelele wake. Birika likamponyoka Zam, kahawa yote ikamwagika juu ya vumbi la mbao. Acidri, mtu wa vita viwili, alikuwa ameshatoka kupitia dirishani.

Ilichukua muda mpaka watu wakashikana, wakapapasana mikono na nyuso kuhakikisha kila mmoja ana damu. Aliga alikuwa amemkumbatia Filda akiwa bado amesimama ndani ya sanduku, na hakutaka kumwachia hata Filda aliposema mshono unauma.

— Scovia! — Aliga alipata sauti mwishowe. — Bipu mbili! Nilikuambia nini, bipu mbili?

— Mjomba, mimi nilibipu moja! — Scovia alikuwa analia na yeye. — Jana, daktari aliposema tutatoka, nikashika mtandao ya duka, nikabipu. Ikaandika “Inaita,” “Inaita,” hapana geuka kuwa “Inalia.” Nikasema haikufika. Si mjomba atakaa na wasiwasi? Nikabipu tena, ili ile moja ifike.

Jude aliacha kulia. Tombe alimwangalia Jude, Jude akaangalia chini. Kule nje, kichwa cha Afande Ova kilikuwa kimerudi dirishani, kikitafuta kofia yake kwa macho.

Filda alijitoa taratibu mikononi mwa mdogo wake, akalizunguka sanduku. Alipitisha kiganja juu ya mvule, akachungulia zile pembe, akapima urefu kwa macho, kisha akajiangalia mwenyewe kutoka kifuani mpaka miguuni. Alielewa. Akavuta pumzi, akashika mshono wake.

— Iko nzuri sana, Aliga — alisema. — Sasa munaiweka wapi, mupaka siku yangu?

Zam aliokota birika ammiminie Filda kahawa, akaligeuza juu chini, halikutoa hata tone.